Pointi za Kumleta Mama

Mwalimu mwenzangu wa hesabu aliwahi kunithibitishia ubaoni, kwa chaki nyeupe, kwamba nilikuwa napoteza maisha yangu. Watoto walikuwa wametoka kwenda kunywa uji. Alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaandika vocha, nauli za gari la noah kwenda Katesh na jioni zote nilizosimama chini ya tangi la maji kutafuta mtandao. Upande wa pili akaandika kitu kimoja tu: tiketi ya basi, moja. Akasema, "Madam, ungefuga kuku watano, muda huohuo ungekuwa na nauli mbili." Nikamjibu kwamba kuku wanaliwa. Akacheka akidhani natania, akafuta ubao.

Sikuwa natania hata kidogo. Ili mtu anielewe lazima amjue mama yangu.

Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi Basotu, mama alilia siku mbili. Sisi ni watu wa Muleba, tumezaliwa ndani ya migomba, na mama hajawahi kuishi mahali ambapo ukitoka mlangoni hukutani na mgomba. Jirani mmoja alikuwa amemwambia kwamba huko Manyara ni ng'ombe na simba tu. Akaniuliza kama nyumba nitakayopewa ina mlango. Nikamwambia ina mlango na kitasa, na funguo mbili. Akasema ndivyo wanavyosemaga wote.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya shule. Ukisimama uani unaliona ziwa, na ng'ambo yake mashamba ya ngano yanayokwenda mpaka macho yanachoka. Wiki ya kwanza nilimpigia simu nikamweleza yote hayo. Nikamweleza samaki wa pale, baridi ya asubuhi, watoto wanaonisalimia shikamoo kutoka upande wa pili wa barabara. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama ninakula. Nikajua hajaniamini hata neno moja. Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja, nayo haikunitoka: mama aje aone kwa macho yake.

Nikatuma nauli. Ilimfikia, akashukuru sana, akapaua jiko kwa mabati. Baada ya miezi kadhaa nikatuma tena. Safari hii akamnunulia mjukuu sare za shule, na iliyobaki akamlipa kibarua wa kupalilia. Alinieleza haya yote bila aibu, kwa sauti tamu kabisa, kama vile ananipa habari njema. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nikamwambia kwenye simu, "Basi mama, sitakanyaga Muleba mpaka wewe ukanyage Basotu."

Akajibu, "Haya."

Haya, basi, na simu ikakatwa. Watu wanaotujua wanasema mimi na mama ni mtu mmoja aliyegawanywa, na kwamba ubishi wetu ulianza kwa bibi. Desemba ya kwanza ikapita sikwenda nyumbani. Desemba ya pili nayo ikapita.

Ofisi ya basi iko stendi ya Katesh, chumba kidogo chenye dirisha la nondo na wakala mwenye subira. Siku moja nikiwa nimekwenda kufuata mambo ya mshahara, nikaona bango jipya pale dirishani. Kila ukisafiri unapata pointi, zinaingia kwenye namba yako ya simu, na zikifika kiwango unapewa safari ya bure popote basi lao linapokwenda. Nikauliza linakwenda wapi. Wakala akanitajia: kutoka Arusha, Babati, hapa Katesh, Singida, Kahama, Muleba, Bukoba. Aliposema Muleba niliweka pochi yangu juu ya kizingiti cha dirisha nikamwomba arudie.

Chini ya bango, kwa herufi ndogo sana, waliandika kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa. Niliyapita maneno hayo kama mtu anavyopita jina la kiwanda kwenye kiberiti.

Niliona jambo moja tu. Nauli ni pesa, na pesa ikifika kwa mama inageuka mabati, sare, kibarua, sukari ya msiba wa jirani. Pointi haziliki. Huwezi kupaua jiko kwa pointi. Tiketi ikimfikia itakuwa imeandikwa Katesh, na hakuna duka lolote pale Muleba litakaloipokea. Mwalimu wa hesabu alikuwa anapiga hesabu ya kitu kingine kabisa, ndiyo maana majibu yetu hayakulingana.

Nina rafiki niliyesoma naye chuo, yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri na kadi ya benki ya mkopo inayompa pointi kila anaponunua kitu. Alishawahi kupanda ndege kwenda Mwanza kwa pointi hizo. Nilipompigia kumwuliza siri yake akanieleza kwamba ana daftari, anajua ni sheli gani inatoa pointi nyingi na ni duka gani linatoa mara mbili mwisho wa wiki. Kisha akaniambia ukweli wake: kuna siku alivuka jiji zima kwenye foleni kwenda kununua mafuta ya kula kwa ajili ya pointi, na alipofika akakuta anahitaji kujaza mafuta ya gari. Nilimcheka mpaka machozi. Sikujua kwamba nami nilikuwa njiani.

Safari zangu mwenyewe zilikuwa chache. Mwalimu wa Basotu anakwenda Katesh, na mara moja moja Babati, basi. Kwa mwendo huo mama angekuja akiwa na miaka tisini. Ndipo nikagundua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Wakala akikukatia tiketi anauliza jina na namba ya simu. Huku kwetu, mtu akiulizwa namba si lazima atoe ya kwake. Wengi wana simu ya kiswaswadu ambayo chaji imekwisha, au laini yake imesajiliwa kwa jina la mtoto aliyeko mbali. Anatoa namba ya mtu anayepatikana. Ya mwenye duka, ya nesi, ya mwalimu. Hakuna anayeona ajabu, na anayepigiwa anatoka kwenda kumwita mhusika.

Nikajitolea. Nikatangaza kwa wazazi, kanisani na siku ya mnada, kwamba yeyote anayesafiri na basi lile asihangaike kwenda Katesh kushika siti. Anipe mimi jina na pesa, nitampigia wakala, siti itakuwa inamngoja. Sikudanganya. Kazi niliifanya vizuri, pengine kuliko ninavyofundisha. Nilijua siti ipi haipigwi na jua na ipi ina spring iliyochomoza. Kila jioni kabla ya kupika nilikuwa nasimama chini ya tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao hautetereki, nikiita majina na tarehe. Alikuja dereva wa mashine ya kuvuna ngano anayefuata spea Arusha. Alikuja mfugaji mmoja kutoka Getanuwas, shuka begani na fimbo mkononi, anayekwenda Singida kwa mambo ya ng'ombe wake. Akaniita mama wa basi, na jina likanikaa. Walinishukuru wote. Mayai, maharage na kibuyu cha maziwa ya mgando vilikuwa vinafika mlangoni kwangu, nami nilivipokea nikinyamaza kuhusu pointi. Hakuna aliyeniuliza, na nilijiambia kwamba hakuna aliyeibiwa.

Hapa nisijipambe. Ilifika wakati nikaanza kufurahia safari za watu kuliko watu wenyewe. Mtu akija kuniambia mtoto wake amechaguliwa shule ya mbali, nilikuwa nauliza atapita Singida au la kabla sijasema hongera. Mwalimu mwenzangu mmoja alinipa habari ya msiba wa shangazi yake Babati, na moyo wangu, kabla ya kutoa pole, ulisema Babati ni karibu, pointi zake chache. Sikuwa hivyo zamani.

Jirani yangu wa upande wa ziwa alikuwa mzee mmoja aliyehama kijiji cha Daudi akiwa kijana, yeye na mkewe, wakifuata ardhi. Walilima mahindi na mbaazi, walikuwa na ng'ombe wachache, na wao ndio walionifundisha kuwasha jiko la kuni bila kulia. Mkewe akaanza kuumwa. Akaandikiwa kliniki Arusha kila mwezi, na kila mwezi mzee alikuwa anakuja kwangu na pesa zimekunjwa kwenye leso. Nilikuwa nawakatia siti mbili za mbele, kwenda na kurudi. Mama yule alikuwa hapendi kukaa dirishani, anasema miti inamkimbilia. Nilimpa upande wa njia kila mara. Nilimpenda kweli. Na kila mara walipoondoka, na tena siku ya kurudi, ujumbe uliingia kwenye simu yangu, pointi za watu wawili.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, walikwenda kama kawaida. Mama yule hakurudi na basi. Alifia Arusha, na mzee alirudi naye kwa gari la kukodi lililosukumwa mara mbili kwenye matope.

Siku ya mazishi nilikuwa jikoni na wanawake wengine, tunamenya viazi. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa khanga yangu. Nikaifungua kwa kidole chenye maganda. Ujumbe ulisema hongera, umefikisha pointi za kupata safari ya bure. Nikasoma tarehe na njia. Zilikuwa pointi za siti mbili za kurudi kutoka Arusha, zile ambazo hazikukaliwa na mtu. Zilikuwa zimelipiwa, basi, mashine ikazihesabu.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikasema hapana. Nikazima simu nikaendelea kumenya, na nilimenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika, mpaka wakaninyang'anya kisu.

Kwa wiki tatu sikwenda Katesh, wala sikupokea safari ya mtu. Niliona aibu mpaka usingizi ukawa mgumu. Nilikuwa nimemtafuta mama yangu juu ya mgongo wa mgonjwa. Kisha ukaja ujumbe mwingine, kwamba pointi zangu zitafutika mwisho wa mwezi wa sita zisipotumika. Nikakaa nao siku moja nzima. Jioni yake nikajiambia kwamba kama nitaziacha zife, niziache baada ya kusema ukweli na si kwa kujificha, nikajifunga khanga nikaenda kwa mzee.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi peke yake. Nikamsalimia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwalimu, akanisogezea kigoda. Nikaketi nikapukuchua naye kwanza, maana sikujua pa kuanzia. Halafu nikamweleza kila kitu: namba yangu, pointi, mama yangu, mabati, kiapo, ujumbe wa siku ya mazishi. Aliuliza swali moja, kwamba katika hizo pointi, za mke wake zilikuwa ngapi. Nikasema za mkewe na zake yeye mwenyewe zilikuwa zaidi ya nusu.

Akapukuchua hindi zima ndipo akasema, "Na mama yako anaumwa?"

"Haumwi, baba. Ni mzima."

"Basi mwone akiwa mzima. Mimi basi hilo nimelipanda na mgonjwa kila mwezi. Nataka mtu mmoja alipande kwa furaha."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie bila kunibembeleza. Nilipomaliza akasema kwamba ningemwambia mapema, angeniandikia na safari za shemeji zake wote, maana ukoo wa mke wake hautulii nyumbani. Ndivyo alivyonisamehe. Niliondoka pale nimeshaamua: safari ile itafanyika, na itafanyika vizuri.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa kwenye dirisha la nondo kabla wakala hajafungua. Nikampa jina la mama, herufi kwa herufi, nikamwomba safari ya kutoka Muleba kuja Katesh. Akabonyeza mashine yake, akabonyeza tena. Akanitazama kwa huruma. Tiketi ya zawadi, akasema, inatoka kwa jina lililosajiliwa kwenye laini, na laini ilisajiliwa kwa alama za vidole vyangu. Hawezi kupanda mtu mwingine, hata awe mama mzazi. Akanionyesha kwenye bango zile herufi ndogo, akasema hayo ndiyo masharti yenyewe.

Nilisoma mara tatu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia aliyechapa bango, kisha hasira ikanirudia mwenyewe, mwalimu anayewaambia watoto kila siku wasome swali mpaka mwisho. Mwaka mzima na zaidi wa kusimama chini ya tangi, na sikuwa nimesoma mstari mmoja wa maneno manne.

Nilikaa kwenye benchi la stendi nikanywa chai bila kusikia ladha. Njia zilikuwa mbili. Niziache pointi zife na kiapo changu kiishi, au nipande basi mimi. Nilimpigia simu mwalimu wa hesabu, sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu nilitaka mtu wa kunicheka. Hakucheka. Alisema, "Madam, umeapa kwa mama yako, hujaapa kwa Mungu. Panda basi." Alikuwa mtu wa Tanga, hakosi kusali, na jambo la viapo huwa halichezei.

Nikarudi dirishani. Nikakata Katesh kwenda Muleba, jina langu, siti ya upande wa njia.

Shule ilipofungwa mwezi wa sita nikaondoka bila kumwambia mama. Mzee wa upande wa ziwa alinisindikiza mpaka kwenye noah akiwa na debe la mbaazi la kumpelekea mtu asiyemjua. Basi lilipita Katesh asubuhi, tukalala Kahama, na kesho yake mchana nikashuka Muleba miguu imevimba. Kijana wa bodaboda akanipeleka mpaka kwenye kona ya kibanja chetu cha migomba. Jiko lilikuwa linang'aa kwa mabati yangu.

Mama alikuwa anakata majani makavu ya mgomba. Aliniona, akaweka kisu chini taratibu, akaniangalia kuanzia juu mpaka viatu. Nilidhani atalia au atanikumbusha kiapo. Nikawahi mimi, kwa sababu ubishi ulikuwa haujaniisha hata baada ya siku mbili za basi. Nikamwambia nimekuja kwa sababu yeye amekataa kuja, nimemtumia nauli mara mbili akaila.

Akasema, "Ulinitumia nauli. Hukunitumia mtu."

Sikuelewa. Akaketi kwenye majani yale aliyoyakata, nami nikaketi, na pale ndipo aliponieleza jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua na mimi peke yangu nilijifanya nimelisahau. Mtu mzima haendi ugenini kwa kutumiwa pesa, kama gunia linalokabidhiwa konda. Anakuja kuchukuliwa. Mtoto anakuja, anakula, analala, kisha anamshika mama yake mkono wanaondoka pamoja, na majirani wanaona kwamba anakokwenda ana mwenyewe. Kila nauli ilipofika alingoja ujumbe wa kusema ninakuja kumchukua. Haukuja. Akaona pesa imekaa bure, akaitumia. Halafu nikaapa sitakanyaga Muleba, naye akasema haya, maana angesema nini.

Siku tatu mfululizo nilizunguka na jambo hilo kichwani. Mwalimu wa hesabu alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Safari moja tu ya Desemba ya kwanza, kwa nauli yangu mwenyewe, bila pointi wala tangi la maji, ingemaliza kila kitu. Nilikuwa nimekusanya kwa bidii kubwa kitu ambacho hakikuhitajika. Mtu akiniuliza leo kama inafaa kufukuzia pointi, namwambia ukweli: kwa hesabu haifai, labda kama safari zako ni nyingi tayari na kazi yako ni kutaja namba tu. Lakini najijua. Bila pointi zile kuniambia zinakufa mwisho wa mwezi, ningekuwa bado niko Basotu nimekaa juu ya kiapo, na mama yuko Muleba anangoja. Pointi hazikumleta mama. Zilinitoa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa mgumu kutoka.

Tuliondoka Jumatatu. Mama alivaa gomesi lake la sherehe, akapita kwa majirani wote akiwaambia kwamba mwanawe amekuja kumchukua. Kila nyumba aliitamka sentensi ileile, na mimi nilisimama nyuma yake na begi, nikitabasamu kwa aibu na furaha. Nauli ya watu wawili nililipa taslimu. Konda akauliza namba ya simu kwa ajili ya pointi, nikaitaja. Sijaokoka.

Tulipofika Basotu hakuingia ndani kwangu kwanza. Nilikuwa nimemweleza njiani zile pointi zilikuwa za nani. Akaniambia nimpeleke. Alimpa mzee pole kwa Kiswahili chake cha Kihaya, mzee akaipokea kwa Kiswahili chake cha Kiiraqw, na hawakunihitaji mimi nitafsiri chochote. Alipoondoka alimwachia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Mzee aliitafuna akakunja uso, akasema ni nzuri.

Siku zilizofuata mama alinikasirisha. Nilitaka asifu. Nilimwonyesha ziwa, akalitazama kama mtu aliyezaliwa karibu na ziwa kubwa zaidi. Nilimwonyesha ngano, akauliza nani anapalilia yote haya. Badala ya kusifu alikuwa anauliza maswali madogo yasiyo na maana. Kitanda changu kichwa kinaelekea wapi. Nikitoka asubuhi napita njia ipi kwenda darasani. Maji nachota bomba lipi, na nikisahihisha madaftari nakaa kwenye kiti gani. Alikikalia kiti chenyewe. Alikwenda kwa miguu yake mpaka chini ya tangi la maji, akasimama pale ninaposimama, akageuka akaangalia ninapoangalia. Jumapili kanisani alitaka tuketi kwenye benchi langu hasa, si la mbele walilompa kama mgeni.

Wiki ya pili nikashindwa kuvumilia. Tulikuwa uani mchana, anachambua zile mbaazi za mzee zilizosafiri mpaka Muleba na kurudi nusu debe. Nikamwambia, "Mama, nimehangaika miaka yote hii ili uone. Hujasema hata neno. Unapaonaje?"

Hakuinua kichwa. "Kila siku nakuombea jioni," akasema. "Watoto wangu wengine nawaweka mahali, huyu yuko jikoni kwake, huyu yuko dukani. Nikifika kwako nilikuwa naona giza. Nilikuwa namwambia Mungu, huyu mtafute mwenyewe, mimi sijui yuko wapi."

Akapepeta ungo, akautua. "Sasa najua pa kukuweka."